Nusu Kapu ya Mbegu

Juzi darasani, hapa Biharamulo, nilichora ubaoni jinsi seli inavyogawanyika kutengeneza seli za uzazi. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini yai libaki na nusu tu ya kromosomu?" Mara nikasikia harufu ya vumbi la maharage.

Alasiri moja nikiwa mtoto, nyumbani Nyamahanga, dada yangu alikuwa anakaribia kuolewa. Bibi alimimina maharage ya mbegu kwenye ungo, mekundu, ya njano na yenye madoadoa, akayachanganya taratibu kwa mkono, yakavuma kama mvua juu ya bati. Kisha akampimia dada nusu kapu tu. Nililia, nikidhani amemnyima.

"Bibi, mbona hujalijaza?"

"Nikilijaza, mama mkwe wake atatia wapi mbegu zake?" alisema, huku akinifuta machozi kwa kanga yenye harufu ya moshi wa jikoni.

Basi nami nikamjibu yule binti kwamba yai linaacha nafasi ya nusu ya baba. Akacheka. Ni mtoto wa dada yangu huyo, ana macho ya bibi, na mwanya ni wa shemeji.