Nilivyomfuata ex wangu Usoke anisainie logo ya kampuni

Wakuu, salaam kutoka Ng'ambo, Tabora. Hili limenikuta mwenyewe, na nalieleza kama lilivyokuwa. Kama una kampuni ndogo, au unafikiria kusajili, soma hadi chini.

Nauza asali. Nilianza peke yangu, nikifungashia jikoni. Baadaye tukasajili kampuni, mimi na dada yangu Mwajuma.

Chupa zetu zina logo ya yule ndege anayewaongoza warina asali hadi kwenye nyuki. Wateja wengi hata jina hawalikumbuki, wanasema tu, "Nipe ile ya ndege."

Mwaka huu duka moja kubwa la Dar likataka mzigo wetu. Mkataba ulipokuja tukampelekea wakili hapa mjini, mama mmoja mtaratibu sana.

Akauliza, "Hii logo ni ya nani?"

"Ya kampuni."

"Kampuni iliipataje?"

Nikamsimulia tulivyoanza.

Akanielewesha. Jina la asali nililisajili kwa jina langu binafsi kabla kampuni haijakuwepo, kwa hiyo ni langu, si la kampuni. Hilo ni jepesi: nasaini hati ya kuihamishia kampuni umiliki, inapelekwa kwa msajili, basi.

Ila mchoro wa ndege bado ni wa aliyeuchora, maana hakuna popote alipoandika kwamba ametuachia. Akiamua kutuzuia kesho, anaweza.

Sasa wakuu, aliyeuchora ni Deo, aliyekuwa mchumba wangu. Mimi Muislamu, yeye Mkatoliki wa Usoke. Wazee wa pande zote mbili walikataa, tukaachana nikiwa bado nampenda. Hatukuwahi kuongea tena. Nilisikia tu kwamba ameoa na analima tumbaku.

Nikamwambia Mwajuma tuchore ndege mwingine.

"Wewe nenda kwanza ukamwombe," akasema. "Akikataa ndipo tuchore."

Nikaenda na hati aliyoandaa wakili. Njia nzima napanga maneno, nayapangua. Nilipobisha hodi akatoka mkewe. Nikajitambulisha.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Pita ndani, dada. Asali yako tunaijua."

Deo aliporudi kutoka shambani akaisoma hati kurasa zote. Kisha akasema, "Huyu ndege nilikuchorea wewe. Sikuichorea kampuni."

Nikamwambia ukweli, kwamba wateja wanatujua kwa ndege yule, na kina mama tunaofungasha nao wanautegemea mkataba huo.

Mkewe ndiye aliyesema, "Baba Anna, msainie mwenzio. Ndege mwenyewe wala hajui ni wa nani."

Tukacheka wote watatu. Akasaini. Aliomba kitu kimoja tu, jina lake liandikwe kwa herufi ndogo pembeni ya lebo, na tumeliandika.

Kwenye basi la kurudi nililia, wakuu, ila kilikuwa kilio cha kutua mzigo. Sasa jina na ndege vyote ni mali ya kampuni, na chupa zimeshafika Dar.

Nilichojifunza: kampuni kuwa yako hakufanyi kila ulichobuni, au ulichobuniwa, kiwe mali ya kampuni. Andikishaneni mapema, mkiwa bado mnapendana.

Mwenye uzoefu na haya mambo atie neno. Na kama logo yako ilichorwa na ex, njoo hapa tushauriane, hauko peke yako.