Mvua Ilipomeza Jimbo la Bulla Hagar

Enzi zetu, kabla simu hazijawafundisha watoto kuinamisha shingo, sisi wa Bulla Hagar tulikuwa na jimbo letu la ubunge. Usicheke. Lilianzia pale mji wa Garissa unapochoka, likaishia malishoni, na mbunge wake tulimwona msimu wa uchaguzi tu, akinukia manukato.

Alituletea sukari, majani ya chai na fulana zenye uso wake. Zilitufika magotini, tulizivaa madrasa, sokoni na kitandani. Akishaondoka tulicheza bunge. Mheshimiwa alikuwa beberu wa Ayeyo, nyanya yangu, kwa sababu alikula vya watu na hakujibu swali. Vijana wa leo wanaomtukana mbunge mtandaoni kutwa nzima wanadhani ukaidi wameuvumbua wao.

Basi likaja neno kwamba maafisa wa mipaka wanazuru majimbo madogo, na watakalolikuta halina watu litafutwa. Abti Dahir, mjomba wangu, alikuwa ameshashona suti ya kugombea. Alizunguka boma hadi boma akiwasihi watu wasitoke mpaka wageni wapite, na wote wakaapa wallahi. Kisha asubuhi moja mawingu yakatanda upande wa Wajir, na kwetu wingu likitanda, kiapo hupumzika kidogo. Ayeyo ndiye aliyetangulia kung'oa miti ya nyumba yake na kuipakia juu ya ngamia. Abti akaishika kamba ya ngamia yule, machozi yakimlengalenga, akamwambia mamaye asubiri kidogo, jimbo litakufa.

"Ngamia wangu wakifa," Ayeyo akamwuliza, "mbunge wako ataniletea maziwa?"

Abti akaiachia kamba.

Maafisa walipofika walitukuta sisi watoto wa shule tulioachwa kwa shangazi, punda wawili watatu, na Abti juani ndani ya suti.

"Watu iko mingi," aliwaambia. "Imefuata mfua tu. Itarudi."

Walitazama uwanja mtupu, wakanywa chai yetu yote, wakaenda zao.

Watu walirudi kweli, wamenawiri. Maziwa yalifurika, mikate ya anjera ikaelea ndani ya siagi, nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaanga, tukaila mpaka matumbo yakatusuta. Jimbo lilikuwa limeshamezwa na la jirani. Suti ya Abti iliishia kwenye harusi za watu, na hadi anafariki hakuzungumza siasa mbele ya mamaye. Enzi hizo nilimcheka sana. Leo namwonea huruma, tena namkumbuka.

Ukame mmoja baada ya mwingine ulimaliza ngamia. Siku hizi tunampigia kura mtu asiyeijua njia ya kuja kwetu, na vijana wanagombana kwa ajili yake kwenye simu. Tumejaa Bulla Hagar mabati kwa mabati, mvua na kiangazi, hatuna cha kuhamisha. Afisa wa mipaka akija leo atatukuta sote nyumbani.

Ila haji.