Mwenyekiti Anabaki Nyumbani

Mke wangu Zenzi amevaa skii za kutelezea thelujini mara mbili tu maishani, na mara ya pili alivunjika mkono. Lakini ukitaka kujua kwa nini, katika mbio za skii na bunduki, Mfaransa fulani alikosa shabaha ya nne miaka sita iliyopita, usijisumbue kuwauliza makocha. Njoo jikoni kwetu Jumapili mchana, kaa, kula keki ya tufaha, na ufunge mdomo mpaka mbio ziishe. Atakuambia upepo ulitoka upande gani, bega lilipanda lini, na kama nta waliyopaka kwenye skii ilifaa kwa theluji ya siku ile. Mimi nimeendesha gari la kusukuma theluji barabarani miaka thelathini na moja. Kwangu theluji ni kero. Kwake ni dini.

Na katika dini hiyo jina ni moja: Vevi Stadler, binti wa hapa hapa kijijini Hinterau. Mama yake alikuwa muuguzi wa zamu, baba alishajiendea zake, na Zenzi na mimi hatukujaliwa mtoto. Basi Zenzi ndiye aliyempeleka mazoezini kila Jumanne na Ijumaa, miaka tisa mfululizo, bunduki kwenye buti la gari, skii zikitokeza dirishani. Msichana alipoingia timu ya taifa, Zenzi akaanzisha chama cha mashabiki. Tupo watu arobaini na watatu, tuna kofia za manjano za kufuma, basi la kukodi, na mwenyekiti ni yeye. Mimi ni mbeba bendera. Sikupigiwa kura, niliambiwa.

Tena ana kengele. Ni ile ya ng'ombe kiongozi wa marehemu baba mkwe wangu, nzito, yenye sauti nene inayovuka bonde. Zenzi huipiga Vevi anapopanda kilima, anapoteremka, na anapoingia uwanjani akihema na bunduki mgongoni. Vevi akishalala chini, au akisimama, kulenga zile shabaha tano nyeusi, mara nne katika mbio ndefu, Zenzi huikumbatia kengele kifuani na kunyamaza. Uwanja mzima hunyamaza, ndiyo adabu ya mchezo. Risasi ikipata, shabaha inageuka nyeupe na watu wanapaza sauti. Ikikosa, unasikia mguno wa watu elfu kumi na tano, na katika mbio ndefu mkimbiaji anaongezewa dakika nzima. Dakika katika mchezo huu ni nyingi mno. Watu wametupwa nafasi ya arobaini kwa dakika mbili.

Majira haya ya baridi Vevi alikosa sana. Kila Jumapili jikoni kwetu kulikuwa na mjadala. Burgi, mwenye bucha, ambaye ni makamu wa Zenzi, alisema ni bunduki mpya. Mwingine alisema ni mapenzi, ana mchumba Mnorwe. Zenzi alisema ni pumzi, anachelewa kufyatua. Alikuwa sahihi, maskini, ila hakujua anachelewa kwa sababu gani.

Jumapili moja ya Januari, siku nne kabla ya mbio za Ruhpolding, ambazo kwetu ndizo mbio za nyumbani, Vevi alikuja peke yake. Alikaa jikoni na jaketi lake. Keki hakuigusa. Alituambia kocha amemwita: Alhamisi ikiharibika tena, anarudishwa timu ya pili. Ana miaka ishirini na saba. Anayerudishwa kule katika umri huo huwa harudi.

Kisha akamtazama Zenzi.

"Shangazi, Alhamisi naomba usije."

Zenzi akadhani ameelewa. Akasema kengele ataiacha nyumbani, na kwa nini hakumwambia tangu zamani, mtoto mjinga.

"Si kengele. Kengele naipenda," Vevi akasema. "Ni pale unapoiacha. Nikilala pale chini nakusikia umenyamaza. Watu wote wale, mimi nakusikia wewe tu. Najua umeshika pumzi. Sasa na kidole changu kinangoja. Kinangoja wewe upumue."

"Nikikaa kule nyuma, kwenye miti?"

"Nikijua upo, upo."

Akaomba pia tusimwambie mtu. Magazeti yangeandika kwamba hawezi hata kumstahimili shabiki wake, na kocha angekuwa amepata sababu. Zenzi akasema haya mwanangu, hakuna neno, akamfungia vipande viwili vya keki aende navyo. Alipofunga mlango alibaki ameshika kitasa.

Mimi niliudhika, nasema wazi. Miaka tisa ya petroli, kofia arobaini na tatu alizofuma kwa mkono wake, halafu aambiwe usije? Nikasema nitamwambia Burgi na kijiji kizima kijue. Zenzi akanijibu bila kupandisha sauti, "Ukithubutu, Quirin, utakula kwa Burgi mpaka ufe." Burgi hajui kupika.

Baada ya hapo akatoa madaftari yake. Huandika kila risasi ya Vevi tangu mbio za kwanza, na pembeni huandika tulizitazama tukiwa wapi: uwanjani au nyumbani. Alikaa nayo mchana kutwa, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kule mbali tusikofika, Finland, Kanada, msichana hupata kumi na nane, kumi na tisa kati ya ishirini. Pale basi letu linapofika, kumi na nne. Kumi na tatu. Mwaka jana Ruhpolding, kumi na mbili. Ushahidi wote ulikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Hakulia. Alisema tu, "Nilikuwa naandika na sioni."

Jumatatu tukatangaza kwamba mgongo wa Zenzi umeteguka na hataweza kwenda. Nilitangaza mimi, maana yeye hajui kudanganya. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi, na sikuipenda kazi hiyo hata kidogo.

Uongo wetu ulidumu siku moja. Jumanne asubuhi Burgi alikuja na kiti cha magurudumu cha marehemu mama mkwe wake, kimefutwa vumbi, kimefungwa utepe wa manjano. Alikuwa amekwisha kupiga simu uwanjani. Watu wa viti vya magurudumu wana jukwaa lao, akasema kwa furaha, tena liko nyuma kabisa ya wanaolenga shabaha, hatua ishirini, karibu kuliko tulivyowahi kukaa maishani. Basi litaegeshwa mlangoni. Vijana wanne watambeba. Alitazama huku na huku kama mtu anayengoja kukumbatiwa.

Zenzi akasema hapana, ahsante.

Burgi akamwuliza kwa nini. Zenzi akasema baridi. Burgi akasema kuna mablanketi, kuna divai ya moto. Zenzi akasema daktari amekataza. Burgi akauliza daktari yupi, maana wa kijijini ni shemeji yake. Hapo mimi nikaanza kuangalia kalenda ukutani.

"Mwaka ule timu yao ilipopata medali ya fedha ulikwenda na homa," Burgi akasema. "Sasa mtoto anakosa, mgongo unauma. Sisi si watoto, Zenzi."

"Fikirini mnavyotaka."

"Sawa. Basi tupe kengele. Tutampigia sisi, asikie kwamba bado ana watu."

Kengele ile ikilia uwanjani, Vevi angeamini kwamba Zenzi yupo, kwamba amevunja ahadi. Ingekuwa vibaya kuliko kwenda mwenyewe. Na sababu haisemeki. Akajikokota, kwa mgongo ambao hauna kitu, akasimama mbele ya kabati ilimo kengele.

"Kengele haitoki," akasema.

Burgi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikusanya kiti chake, akakisukuma mpaka nje, utepe ukiburuta thelujini, na kutoka pale akaenda moja kwa moja bucha. Ukitaka neno lienee Hinterau, lipeleke bucha. Kufikia jioni kila mtu alijua kwamba Zenzi anampenda Vevi akishinda tu, kwamba akishindwa humnyima hata kengele. Jumatano mama yake Vevi mwenyewe alitupita mbele ya kanisa bila salamu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama: Zenzi alirudi nyumbani, akavua koti, akaanza kusugua jiko ambalo lilikuwa safi.

Nilimwambia bado kuna njia. Tungempigia Vevi, aseme mwenyewe kwa Burgi peke yake, chini kwa chini. Zenzi akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu asiyejua mchezo. Wiki ya mbio, akasema, mkimbiaji hapelekewi matatizo. Hiyo ni kanuni. Yeye ndiye aliyekifundisha kijiji kizima.

Alhamisi saa nne asubuhi basi lilipita mbele ya nyumba. Nilikuwa dirishani. Kofia za manjano zote, na hakuna iliyogeuka upande wetu. Bendera alibeba mtu mwingine.

Saa nane tukawasha televisheni. Zenzi hakuwa na daftari wala keki. Aliweka sufuria ya viazi mapajani na kuanza kumenya, kwa makusudi, ili mikono iwe na kazi na pumzi isisimame. "Napumua?" aliniuliza. Nikamwambia anapumua. Vevi alitoka na namba thelathini na nane. Kamera ikapita kwenye jukwaa, tukamwona Burgi akipiga ngoma ya kukodi vibaya.

Mara ya kwanza, amelala. Tano kati ya tano.

Mara ya pili, amesimama. Tano. Kidole hakikungoja kitu. Risasi zilifuatana kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe. Mtangazaji alianza kupandisha sauti. Zenzi alimenya kiazi hadi kikabaki kama yai la njiwa.

Nitakiri jambo. Mara ya tatu alipolala chini, mimi nilitaka akose. Mungu anisamehe. Si nyingi, tatu tu, nne, ili ijulikane kwamba si sisi, kwamba ni bunduki au ni yule Mnorwe, na mke wangu arudishiwe kiti chake kwenye basi. Akapata tano. Kila shabaha iliyogeuka nyeupe ilikuwa inamfungia Zenzi nje, na Zenzi alikuwa akishangilia kwa sauti ya chini, "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Ndiyo."

Mara ya nne, amesimama. Risasi ya kwanza, nyeupe. Ya pili akakosa.

Nilimgeukia mke wangu, nami nikaona. Uso wake ulikuwa umefunguka. Kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko pumzi, ulikuwa uso wa mtu aliyefunguliwa kamba. Kisha akajua kwamba nimemwona. Akauinamisha kwenye viazi, na masikio yakawa mekundu. Tatu zilizobaki zikaingia zote. Hatukuzitazama, tulizisikia.

Vevi alikuwa wa tatu. Kumi na tisa kati ya ishirini. Walimpa maua, wakamsimamisha kwenye jukwaa, akawashukuru watu wa Hinterau waliokuja. Alisema hivyo hivyo, waliokuja. Ndivyo tulivyopatana, hakukosea. Zenzi alitikisa kichwa kumkubalia kana kwamba yupo mbele yake, machozi yakimtiririka, na kisu bado mkononi. Nilikichukua kile kisu. Nikamwambia sitaki kusema neno. Akasema basi usiseme.

Saa kumi na moja simu ikalia. Zenzi akaweka sauti ya wazi ili nami nisikie. Vevi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Alisema ahsante mara nyingi, hata nikachoka kuhesabu. Alisema uwanja ulikuwa kimya kweli, kimya kitupu, hajawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Alisema kocha amemweka kwenye mbio za kupokezana za Jumamosi, zamu ya mwisho, ile ya wenye moyo mgumu.

"Vizuri sana," Zenzi akasema. "Jumamosi."

Halafu akangoja. Nami nikangoja. Kule upande wa pili tulisikia watu wakipita, mtu akimwita Vevi akapigwe picha. Ilikuwa nafasi ya kutosha kabisa kwa mtu kusema shangazi, sasa njoo.

"Shangazi?" Vevi akasema.

"Nipo."

"Basi... tutaonana."

"Lala mapema," Zenzi akamwambia. "Na ule viazi, si saladi."

Aliweka simu mezani. Nje basi lilikuwa linarudi, honi ikipigwa kijiji kizima, na Burgi akiimba dirishani. Lilipita nyumba yetu kwa kasi ile ile. Zenzi alingoja mpaka lipotee kwenye kona ya bucha.

"Quirin," akasema, "mpigie Burgi. Mwambie kiti cha mwenyekiti akichukue yeye."

"Mpaka lini?"

"Msichana ataacha mbio lini? Thelathini na tatu? Thelathini na nne?" Akahesabu kwa vidole, akaanza kuokota maganda. "Mwambie mgongo ni ule usiopona."