Udongo wa Wajawazito

Mama anayeuza udongo wa kula jirani na meza yangu ya vitunguu, hapa Kariakoo, huanza siku kwa kutandika gunia na kuanika vipande vyake juani. Nyuma yake kuna fundi anayepasua betri chakavu za magari. Kila kipande mama hukigusa kwanza kwa ncha ya ulimi, hukipangusa vumbi kwa kanga, ndipo hukiweka kwenye fungu. Kucha zake ni nyeupe kwa udongo. Wajawazito huwaita kwa sauti ya kubembeleza: "Chukua, mwanangu, kichefuchefu kitakata."

Juzi alirudi yule binti wa maabara aliyechukua vipande kwenda kuvipima. Alimwamkia, akachuchumaa. "Mama, udongo wako una risasi, ile sumu ya kwenye betri. Vumbi lake limeng'ang'ania humu. Haionekani, hainuki, hata ukiosha kwa maji haitoki. Ila ikifika tumboni, asidi ya tumbo inaibandua, inaingia kwenye damu mpaka kwa mtoto."

"Nimekusikia, mwanangu," mama alijibu, akaendelea kupanga.

Mchana akaja Shamsa, mke wa mwanawe, mimba imeshakuwa kubwa, akachukua kipande kama alivyozoea. Mama akampiga mkono, kikadondoka. "Wewe nenda kanunue ukwaju."

Shamsa alipoondoka, mama alikiokota kile kipande, akakipangusa kwa kanga, akakirudisha juu kabisa ya fungu. Hakukigusa kwa ulimi.