Ng'ombe Niliyemlamba Mbele ya Baba Mkwe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa ulimi kuliko kwa macho. Jana ulicheka uliponiona nikilamba kichezeo mbele ya mama aliyekuja kukinunua. Nikakuona. Halafu ukaniambia kwamba yule mfanyabiashara wa Beni atachukua vichezeo vyetu vyote tukiacha rangi ya maziwa na kupaka rangi ya kopo, ile inayong'aa. Keti basi nikuambie.

Nilikuwa nimeolewa hapa Vulamba, mtaa huu wetu wa Butembo, na mtoto wangu wa kwanza, Kambale, alikuwa anaota meno. Hakuacha kitu: kijiko, kamba ya kiatu, kona ya meza, vyote mdomoni. Baba mkwe wangu alikuwa seremala, na fundi kweli, sitamvunjia heshima. Vipande vya mbao vilivyobaki alivichonga ng'ombe, mbuzi na tshukudu ndogo, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, za magurudumu mawili, akavipaka rangi ya kopo iliyobaki kwenye milango. Viling'aa hasa. Siku moja nikamkuta Kambale ana midomo ya kijani, na ng'ombe aliyepewa na babu yake amebaki na pembe nyeupe.

Niliogopa, mwanangu. Nilimsafisha mdomo mpaka akalia. Hakuugua, namshukuru Mungu, lakini sikutaka kumjaribu Mungu mara ya pili. Lakini utamwambiaje baba mkwe kwamba kazi yake ni mbaya? Katika nyumba ile, bibi wa mtoto wake, yaani mke wa mwanawe, hali chakula mbele yake, hata karanga hatafuni. Kumfundisha kazi, ndiyo kabisa.

Basi nikaiacha mikono iseme. Kwetu Lubero, milimani, mama yangu alipaka ukuta wa jikoni kwa maziwa na chokaa, na ukuta ule haukuchafua nguo ya mtu. Unajua maziwa ya kule milimani yanavyochelewa kwenye matope ya barabara. Yanafika hapa yameshaganda, na wauzaji wanayatoa karibu bure. Niliyaengua mafuta, nikayachuja kwa kitambaa, nikaosha mabonge kwa maji safi, nikayachanganya na chokaa kidogo iliyolowekwa, nikakoroga mpaka ikawa laini kama uji. Chokaa mbichi inachoma, kwa hiyo Kambale nilimwacha kwa jirani. Mwisho nikatia udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba, uliochekechwa vizuri.

Baba mkwe akanikuta nimeinama juu ya sufuria.

"Mama Kambale, batoto ya bantu banalia njaa, na weye unapakaza maziwa ku mbao?"

"Papa, hii maziwa ilikuwa ya kumwanga."

"Na rangi yangu iko na mubaya gani? Bantu bote banaisifu."

Nilichukua ng'ombe mmoja wa mbao asiye na rangi bado, nikampaka rangi yangu. Nilingoja ng'ombe wangu akauke kabisa, nikamfunga Kambale mgongoni, nikaingia atelier, karakana yake ya useremala. Vijana wa kazi walikuwepo wote. Nikatoa ulimi, nikamlamba ng'ombe yule toka pembe mpaka mkia, mbele ya baba mkwe. Randa zilisimama. Nikapiga goti kama inavyotakiwa, nikamnyooshea ng'ombe wake wa kijani kwa mikono miwili.

"Na yako, Papa. Tafazali."

Alimpokea, akamsogeza mdomoni, akamnusa. Akamtazama Kambale mgongoni kwangu, ananyonya kidole chake. Akamweka ng'ombe mezani polepole.

"Hapana," alisema. Kisha, vijana wake wote wakisikia: "Basi leta sufuria yako, unionyeshe chokaa unatia ngapi."

Tangu siku ile najivuna kwa ajili ya watu wawili. Najivuna kwa ajili yangu, sikufichi. Na najivuna zaidi kwa ajili yake, mzee yule wa milango mizuri, aliyekubali kujifunza kwa bibi wa mtoto wake. Hakuuza tena kichezeo bila kukilamba, na mpaka anakufa ndevu zake nyeupe hazikukosa udongo mwekundu. Ndiyo maana hata leo mama wa Butembo akiona kichezeo kisichong'aa anasema, hiki ni cha kwetu, mtoto atafune tu.

Yule wa Beni anarudi kesho. Mimi nitakaa ndani, utampokea wewe. Akikupa kopo lake, usimtukane. Paka kipande kimoja, kikauke, umwombe kwa heshima akilambe. Akisitasita, utakuwa umepata jibu lako. Mtoto wa mwenzako usimpe kitu ambacho wewe mwenyewe unaogopa kukitia mdomoni, hata kama kinang'aa namna gani, hata kama wateja wote wanakisifu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, isikose kazi. Uzae, ulee, uzeeke katika atelier hii, na isifike siku utakayoogopa kuilamba kazi yako.