Macho ya Mzee Bizimana

Mke wangu Jovina ni mpiga picha hapa Nyamiaga, na mimi ndiye mbeba begi lake. Cheka tu. Kazi ni kazi.

Miaka kumi na moja ya kipaimara, harusi na misiba, hakuna sura iliyomshinda, mpaka tulipoitwa Murukulazo kwa Mzee Bizimana. Mzee yule, flashi ikiwaka tu, amefumba macho. Sasa alikuwa mgonjwa wa kitandani, hatoki nje, na chumba kilikuwa na giza. Mkewe, Mama Eustakia, alikuwa na ombi moja.

"Picha zake amefumba kama maiti ninazo tano," alisema kwa uchungu hata kabla hatujamaliza kumwamkia. "Nataka moja mume wangu akinitazama. Siku zake naziona zinakwisha."

Jovina akapiga ishirini. Zote amefumba! Jirani mmoja akanong'ona kwamba kamera imemkataa mzee. Nikamwambia akapalilie migomba yake. Lakini moyoni, nisikufiche, niliogopa.

Jovina hakubishana na mtu. Alinipa simu, nimrekodi mzee kwa video ya polepole huku yeye akipiga. Tukaitazama pamoja. Yesu na Maria! Flashi iliwaka mara mbili. Kwanza kamwanga kadogo, kope za mzee zikaanza kushuka, ndipo ukaja ule mwanga mkubwa.

"Ule mdogo ni wa kupimia," Jovina akasema taratibu. "Unamfikia usoni, unarudi kupitia lenzi, kamera inajua ule mkubwa uwe kiasi gani. Mzee anafumbia kipimo."

Miaka yote hiyo nabeba kitu kinachoupima uso wa mtu haraka kuliko jicho langu linavyoona, na mimi nalalamika begi zito!

Akapekua kamera mpaka akapata kitufe cha kupima kwanza na kukihifadhi kipimo. Akakibonyeza. Kamwanga kakawaka, mzee akafumba. Tukasubiri. Akafumbua, akamgeukia mkewe aliyesimama nyuma ya kamera, na hapo Jovina akapiga, kwa ule mwanga mkubwa tu.

Mama Eustakia aliishika kamera kwa mikono miwili. Kwenye kioo, mumewe alikuwa anamtazama, macho maangavu, ya mtu mwenye maneno bado. Alilia, hakujificha. Kisha akaketi kitandani, akamvutia mzee shuka hadi mabegani.

"Haya, mume wangu," akasema. "Sasa ukichoka, pumzika."