Mguu wa Udongo

Enzi zetu, sisi tuliokulia kule Tongaren kabla ya nguzo za umeme kufika, Jumamosi ya Desemba haikuanza na jua. Ilianza na mbwa. Baba Mdogo Wekesa alikuwa nao wanne, na kila mmoja alivalishwa kengele ya mbao shingoni. Kengele zile zikilia nje, sisi watoto tulijua hakuna wa kulala tena. Mama alikuwa ameshakoroga uji wa wimbi, viazi vitamu vya jana vilikuwa vinachomwa kwenye majivu, na wanaume walisimama uani na mikuki yao wakijifanya hawana njaa.

Mbwa mmoja aliitwa Usiniulize. Mgeni akiuliza, "Huyu mbwa anaitwaje?" alijibiwa hivyo hivyo, na ugomvi ulianzia hapo.

Watoto wa siku hizi wakinisikia nikisimulia hivi hudhani tulikuwa na shida. Shida gani? Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa matambara mpaka tukashindwa kuona mpira. Tulikwenda shule miguu mitupu, kila mtu na kibuyu chake cha maji na ufagio Ijumaa. Siku hizi mtoto akitumwa dukani anauliza kama kuna pikipiki.

Nyama ya mifugo hatukuila mara kwa mara. Ng'ombe alichinjwa kwa harusi au kwa matanga. Nyama yetu ilitoka kichakani: paa, wale swala wadogo wanaojikunja kwenye nyasi kama paka, na mara moja moja pongo mwenye madoa meupe ubavuni. Serikali ilikuwa imeshakataza kuwinda, na wakubwa walilijua hilo vizuri. Sisi tulijua tu kwamba mambo ya jikoni hayapelekwi shuleni. Mwalimu akiuliza Jumatatu tulikula nini, darasa zima lilijibu, "Sukuma wiki!" kwa sauti moja iliyonyooka mno, na nadhani ndiyo iliyomfanya ashuku.

Kichaka chenyewe kilikuwa kati ya mashamba yetu na mto. Ng'ambo ya mto ni upande wa Kiminini. Serikali ilipogawa ardhi ya mzungu, kila familia ilipata shamba lenye namba, lakini kichaka kile, kwa sababu kilikuwa na mawe na matete na kilikaa pale mpakani mwa wilaya mbili, hakikupewa namba. Wengine walisema ni cha Bungoma, wengine wakasema ni cha Kitale. Sisi tulisema ni cha paa, tukaingia.

Mnyama akishaanguka, aligawanywa kwa utaratibu ambao hakuna aliyebishana nao. Aliyechoma mkuki wa kwanza alichukua kichwa na shingo. Wenye mbwa walichukua mbavu. Matumbo yaliliwa hapo hapo, yakichomwa kwa kuni mbichi, na mbwa walipewa damu. Halafu kulikuwa na mguu wa nyuma wa kushoto. Huo uliitwa mguu wa udongo. Mnyama akiangukia kwenye shamba la mtu, mguu ule ulipelekwa kwa mwenye shamba, hata kama alikuwa amegombana na wawindaji wote, hata kama hayupo nyumbani, kwa sababu udongo wake ndio uliomlisha mnyama. Akiangukia kichakani, kwenye udongo usio na mtu, mguu ulikwenda kwa mjane mzee zaidi aliyeishi karibu. Huyo alikuwa Kukhu Nasimiyu. Kukhu kwetu ni nyanya, na wote tulimwita hivyo ingawa hakutuzaa.

Wasichana hatukuwinda. Kazi yetu ilikuwa kupeleka nyama, na kwa hiyo nilijua kila kipande kimelala nyumba gani. Nilipenda kujua hivyo. Mama alisema nina macho ya karani.

Jirani aliyepakana na kichaka aliitwa Mzee Sikuku. Hakuwa mwindaji na hakuwa mtu wa kupiga gumzo. Alikuwa na uzio wa makonge upande wa kichaka, na kila mvua za Machi alipanda mengine. Nilikuwa nikipita pale kuchota maji na niliona kwamba hakuyapanda kujaza mapengo. Aliyapanda mbele. Jiwe kubwa tulilokuwa tukilikalia nje ya uzio wake, mwaka uliofuata lilikuwa ndani, na mbuzi wake walikuwa wamelilalia. Nilimwambia Mama. Akasema, "Wewe mtoto, makonge nayo yana miguu?"

Halafu ikaja siku ya pongo. Wanaume walimwangusha katikati ya kichaka, mbali na shamba lolote, na sisi wasichana tuliitwa na majani ya migomba kubeba nyama. Tulimkuta Mzee Sikuku amefika kabla yetu. Alikuwa amevaa gambuti mpya zisizo na tope. Nilizitazama sana zile gambuti. Mtu aliyekuja mbio kwa sababu ya kelele hafiki na gambuti safi.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe nini, Mzee?" Baba Mdogo akasema, kisu mkononi.

"Mguu wa udongo."

Wanaume wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mzee, si hapa ni kichakani? Hapa hakuna mwenyewe. Huo ni wa Kukhu."

"Alianza kukimbia kutoka kwa maharagwe yangu. Amekula kwangu." Hakucheka. Akatazama mikuki mmoja baada ya mwingine, kama anayeihesabu. "Ama mnataka nitembee mpaka barabarani niseme kuna watu wanachinja wanyama wa serikali?"

Kicheko kiliisha. Baba Mdogo alikuwa mtu mpole, na upole wake ulitugharimu. Alikata mguu, akaufunga kwenye jani. "Mpeni tu. Mguu haujengi nyumba."

Mimi ndiye niliyeubeba. Pale kwake kulikuwa na wageni wawili wamekalia viti vya uani, wanywaji chai wenye viatu vya ngozi, si watu wa kwetu. Nikampa mama wa pale nyama, lakini Mzee Sikuku akaniita. "Njoo hapa. Waambie hawa, umeleta nini?"

"Nyama."

"Nyama gani? Sema sauti!"

"Mguu wa udongo."

"Umetoka wapi?"

"Kichakani."

Akawageukia wageni, akaanza kuwasimulia desturi yetu vizuri kabisa, bila kuacha kitu, isipokuwa sehemu ya mjane. Jioni nilipopita tena, mguu ule ulikuwa bado unaning'inia kwenye mti wa njiani, nzi wameujaa, mahali ambapo kila mpita njia angeuona. Nyama ya pongo! Ni nani hutundika nyama ya pongo mpaka inuke?

Nyumbani nilisema yote hayo. Mama akaniambia niache kuchunguza mboga ya watu. Baba Mdogo alisema mzee yule ni bahili na sasa hata njaa yake anaionea choyo. Tangu siku ile, kila mnyama aliyeanguka kichakani, Mzee Sikuku alifika kudai, na kila mara alipewa. Kukhu Nasimiyu alikasirika. Alikuwa akitusalimia kwa kidole kimoja tu.

Nilikuwa nimeanza sekondari wakati baraza lilipoitishwa. Afisa wa ardhi alikuja kusikiliza nani ana haki na kichaka kile, kwa sababu Mzee Sikuku alikuwa amekiomba kiandikwe jina lake. Wawindaji walikwenda wakicheka. Walikuwa wengi, na yeye alikuwa peke yake. Kina mama walikwenda kwa sababu ya kuni, na sisi tulikwenda kwa sababu likizo ilikuwa ndefu.

"Mzee," afisa akasema, "unasema hiki kichaka ni chako tangu zamani. Nani anajua hivyo?"

"Hawa hapa." Mzee Sikuku aliwaonyesha wawindaji kwa fimbo. "Waulize mnyama akianguka pale, mguu wa udongo walikuwa wanapea nani."

Nilimtazama Baba Mdogo. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Ni kweli mlikuwa mnampea?" afisa akauliza.

"Tulimpea," Baba Mdogo akasema.

"Siku moja ama kila wakati?"

"Kila wakati. Lakini alikuwa anatutisha, bwana. Alisema atatushtaki."

"Awashtaki kwa nini?"

Hapo palikuwa na shimo, na kila mtu alilitazama. Angejibu, angekiri mbele ya serikali kwamba anawinda.

"Basi niambie hili moja," afisa akasema, bila ukali. "Kwa desturi yenu, mguu huo ni wa nani?"

Angeweza kudanganya. Watu wa leo wangedanganya kabla swali halijaisha. Lakini wazee wote walikuwa wamekaa pale, na mtu aliyegawa nyama maisha yake yote hawezi kusimama hadharani akageuza mgao.

"Ni wa mwenye udongo," akasema.

Nyuma kabisa, Kukhu Nasimiyu akasimama kwa tabu. "Wekesa! Mguu wangu ulimpea. Na sasa unampea na kichaka?"

Watu walicheka, lakini afisa alikuwa ameshaandika. Mwaka uliofuata, waya wa miba ulizunguka kichaka mpaka karibu na mto. Mbwa wa Baba Mdogo waliendelea kwenda pale kila asubuhi, wakasimama, wakamtazama yeye.

Miaka imepita. Mzee Sikuku alifariki, watoto wake wakauza, na aliyenunua hatujamwona uso. Tunaona tu meneja wake. Kichaka ni mikaratusi sasa, imepangwa kama wanafunzi kwenye paredi, na waya una umeme. Kilichobaki wazi ni ukingo wa mto, kipande chembamba chini ya uzio. Hapo ndipo ng'ombe wetu wanapokunywa maji, na ndipo Baba Mdogo, mzee sasa, anapowaachia mbwa wake wafukue fuko, wale panya wa chini ya ardhi. Ni uwindaji wa kuchekesha, lakini ndio aliobaki nao.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani kutoka Kitale. Tukiwa uani, pikipiki ikaingia na meneja, kijana mwenye adabu sana. Alileta mfuko wa unga wa ngano kwa Baba Mdogo. Nyuma yake kulikuwa na mwenzake ameshika simu.

"Sikukuu njema, mzee. Inua mfuko kidogo. Tabasamu."

Baba Mdogo aliinua. Hakuwa amekula chapati tangu Pasaka.

"Ni shukrani tu," meneja akasema, akiitazama simu wala si sisi, "kwa vile mmekubali kukaa mbali na ukingo wetu."

Wetu. Masikio yangu yalisimama. Walipoondoka nikamwambia Baba Mdogo nilichosikia. Brayo, mjukuu wake, alicheka mpaka akashika ukuta. "Auntie, relax bana! Ati unashuku hadi unga? Hiyo ni Krismasi tu."

"Nenda ukaangalie mtoni," nikamwambia.

Brayo alikwenda akiwa bado anacheka. Aliporudi hakuwa anacheka. Alisema kuna vigingi vipya, vimepakwa rangi nyekundu kwa juu, upande wa maji.

Mke wa Baba Mdogo alikuwa ameshatoa karai la kukandia. Baba Mdogo akamwambia alirudishe ndani. Akaufunga mfuko kwenye karia ya baiskeli, bila kuufungua, akaisukuma mpaka kwenye lango la mikaratusi, sisi tukimfuata. Askari wa lango alitutazama kupitia tundu.

"Huu ni wenu," Baba Mdogo akasema.

"Mzee, mimi sijaambiwa kupokea. Nimeambiwa kutoa."

"Mimi naurudisha. Waambie ukingo wa mto hatujaukubalia mtu."

"Mimi sijaona kitu," askari akasema, akafunga tundu.

Baba Mdogo akauegemeza mfuko kwenye lango. Kisha akamgeukia Brayo. "Nyinyi si mnapenda picha? Haya, piga. Lango lionekane. Na mimi nionekane, mikono mitupu."

Brayo alipiga picha nyingi, na kwa mara ya kwanza sikumwambia aweke simu chini.

Sijui kama kurudisha kunahesabiwa kama kupokea kunavyohesabiwa. Vigingi bado vipo, na ng'ombe bado wanapita kati yake kwenda kunywa. Enzi zetu, jirani akija mlangoni na kitu mkononi, tulimsogezea kigoda na kumuuliza habari za watoto. Siku hizi natazama kwanza nyuma yake, nione nani ameshika simu.